Je, Wajua? Kincsem, Farasi Jike Ambaye Hakuna Aliyemshinda

Je, wajua kwamba farasi wa mbio aliyestaafu na ushindi mwingi zaidi bila kushindwa hata mara moja alikuwa jike? Jina lake ni Kincsem, hutamkwa Kinchem, na kwa Kihungaria humaanisha hazina yangu. Kati ya mwaka 1876 na 1879 aliingia uwanjani mara 54, na mara zote 54 jina lake likaandikwa la kwanza. Alikimbia Austria-Hungaria, Ujerumani, Uingereza na Ufaransa. Alishinda mbio za chini kidogo ya mita 1,000, akashinda na za mita 4,200. Wapenzi wa riadha wataelewa uzito wa jambo hilo: ni kama mtu mmoja atambe kwenye mita 100, kisha msimu uleule achukue na medali ya mita 10,000.

Frankel, dume la Uingereza ambalo wengi wa kizazi hiki wanaliona kuwa bora kuliko yote, alistaafu mwaka 2012 akiwa na ushindi 14 kati ya mbio 14. Black Caviar wa Australia, naye jike, aliaga mwaka 2013 akiwa na 25 kwa 25. Wajumlishe wawili hao, bado hujamfikia Kincsem. Aliyempita kwa ushindi wa mfululizo ni Camarero wa Puerto Rico, aliyefikisha 56 mwaka 1955, lakini huyo alikuja kuonja kushindwa. Kincsem hakuonja.

Mtoto aliyekataliwa

Alizaliwa tarehe 17 Machi 1874 huko Kisbér, Hungaria, kwenye shamba la kuzalisha farasi la serikali. Shamba hilo halikuanza kwa mapenzi ya michezo. Mwenye ardhi wa awali, Kázmér Batthyány, alikuwa mmoja wa mabwana wakubwa walioshiriki mapinduzi ya Wahungaria ya mwaka 1848 na 1849 dhidi ya Vienna. Mapinduzi yaliposhindwa alinyang'anywa mali, na mwaka 1853 jeshi la Mfalme Mkuu wa Austria likaanza kuzalisha farasi pale. Miaka ishirini na ushei baadaye, ardhi iliyochukuliwa ili kuwaadhibu Wahungaria ikawa inatoa farasi waliowatoa Wahungaria kimasomaso. Mwaka 1876, mwaka uleule Kincsem alipoanza kukimbia, dume lililopewa jina la shamba hilo, Kisber, lilikwenda Epsom likatwaa Derby ya Uingereza, kisha likavuka kwenda Paris likatwaa Grand Prix.

Mbio zenyewe zilikuwa ngeni Hungaria. Aliyezileta ni Bwana István Széchenyi, mwanamageuzi aliyetembelea Uingereza akavutiwa na namna mbio zilivyowalazimisha watu kuzalisha farasi bora. Mashindano ya kwanza ya mtindo huo yalifanyika Pest mwaka 1827. Kwake farasi walikuwa mradi wa kuijenga nchi, sawa na madaraja na meli za mvuke alizozipigania. Ndiyo maana pia utaona majina ya Kiingereza yamejaa katika kisa hiki. Wahungaria waliagiza farasi kutoka Uingereza, na wakaagiza walimu na wapanda farasi wa kuwaongoza.

Mwenye Kincsem aliitwa Ernő Blaskovich, bwana shamba wa Tápiószentmárton, si mbali na Budapest. Blaskovich alitaka kuuza kundi zima la watoto wa farasi wake wa mwaka huo kwa Baron Orczy. Baron akachagua, akawakataa majike wawili. Mmoja wa waliokataliwa ni Kincsem. Alikuwa mrefu, mwembamba, wa rangi ya kahawia iliyoiva, na hakuwa na lile umbo la kuvutia macho ya mnunuzi. Katika biashara ya farasi wa mbio makosa ya namna hiyo ni ya kila msimu, ila ni machache yaliyomgharimu mnunuzi kama hili.

Wahungaria wana kisa kingine cha utoto wake. Inasimuliwa kwamba mtu mmoja wa jamii ya Waroma, wale wahamaji wa Ulaya, alimwiba Kincsem zizini, na alipokamatwa akaulizwa kwa nini, kati ya farasi wote wazuri waliokuwapo, akamchukua huyo aliyekonda. Akajibu kwamba wale wengine ni wazuri wa kutazama, huyu ndiye atakayekimbia. Kisa kimekaa vizuri mno, na visa vya aina hiyo kwa kawaida hutungwa baada ya farasi kuwa maarufu.

Miji kumi kwa mwaka mmoja

Mwalimu wake alikuwa Mwingereza, Robert Hesp, aliyekuwa na mazizi huko Göd, kando ya mto Danube. Mpanda farasi wake mkuu, Madden, alikuwa Mwingereza pia. Saisi wake alijulikana kwa jina moja tu, Frankie. Kikosi hicho kidogo kilipanda treni na farasi wao na kuzunguka Ulaya ya kati, wakati reli ilikuwa bado ni jambo jipya kwa miji mingi.

Msimu wake wa kwanza, akiwa na miaka miwili, Kincsem alishinda mbio 10 katika viwanja 10 tofauti: Berlin, Hannover, Hamburg, Bad Doberan, Frankfurt, Baden-Baden, Sopron, Budapest, Vienna na Prague. Tazama ramani uone mzunguko huo. Farasi wengi huharibika kwa safari: hula kidogo, hawalali vizuri, hutoka jasho la woga ndani ya behewa. Yeye, kwa masimulizi yote, alipenda treni, akawa anajilaza ndani ya behewa na kusinzia. Mimi naona hapo ndipo siri yake ilipolala, kuliko hata kwenye miguu. Farasi mwenye kasi aliyefika amechoka hushindwa na farasi wa kawaida aliyefika amepumzika.

Mwaka 1877 alishinda mbio 17, zikiwamo Derby ya Austria huko Vienna na Tuzo Kuu ya Baden. Mwaka 1878 alishinda 15, mwaka 1879 akashinda 12. Kwa kawaida ya leo, farasi wa daraja la juu hukimbia mara tano au sita kwa mwaka, na wenye mali wanaona hiyo inatosha. Mwaka ule wa mbio 17, Kincsem alikuwa na umri wa miaka mitatu tu.

Lakini je, wajua kwamba baadhi ya ushindi wake aliupata bila mpinzani? Wenye farasi wengine wakisikia Kincsem ameandikishwa, waliondoa majina ya farasi wao. Kanuni iliruhusu: farasi aliyebaki peke yake anatandikwa, anapandwa, anapita mbele ya waamuzi kwa mwendo wowote, na mbio zinahesabiwa kuwa zake. Mtu mwenye shaka atasema ushindi wa hivyo ni wa bure. Jibu lake ni kwamba mtu hamkimbii farasi asiyemwogopa.

Waandaaji walijaribu njia nyingine ya kumpunguza kasi, nayo ni uzito. Katika mbio za kusawazisha nguvu, farasi bora hubebeshwa risasi chini ya tandiko ili wadhaifu wapate nafasi. Kincsem alipokuwa mkubwa, kuna siku alibeba zaidi ya kilo 70, ukijumlisha mpanda na tandiko. Farasi wa leo kwenye mbio tambarare mara nyingi hubeba chini ya kilo 60. Aliendelea kushinda.

Tabia yake mwanzoni mwa mbio ilikuwa ya kuwatia watu wasiwasi. Enzi hizo hapakuwa na vyumba vya chuma vya kuanzia. Farasi walipangwa kwa mstari na bendera ikashushwa. Kincsem alikuwa anazubaa, anatazama huku na huku, hata kung'ata majani, wenzake wakiwa wamekwisha kuondoka. Kisha anainamisha kichwa, ananyoosha shingo karibu na ardhi na kuwafuata. Waliomwona walizungumzia sana hatua zake ndefu, zilizokaa chini kama asiyejitahidi.

Majira ya joto ya mwaka 1878

Hadi hapo, Waingereza walikuwa wanaweza kusema kwamba farasi huyu amewapiga farasi wa mikoani. Kwa hiyo mwaka 1878 Blaskovich akampeleka Uingereza kukimbia Kombe la Goodwood, Sussex, tarehe 1 Agosti. Umbali wa mbio hizo wakati ule ulikuwa kama mita 4,200, juu ya vilima vinavyotazama bahari, eneo ambalo farasi asiye na pumzi huumbuka mapema.

Waliojitokeza kumkabili walikuwa wawili tu. Mmoja ni Pageant, aliyekuwa ameshinda Kombe la Chester miaka miwili mfululizo, 1877 na 1878, farasi wa masafa marefu hasa. Mwingine ni jike aitwaye Lady Golightly. Kincsem akamfunga Pageant kwa urefu wa farasi wawili. Umati haukuwa umemjua, na magazeti ya London yalilazimika kujifunza kuandika jina lake.

Kutoka hapo akavuka bahari hadi Ufaransa na kushinda Tuzo Kuu ya Deauville mwezi huohuo. Kisha treni tena, Baden-Baden, Septemba. Na hapa ndipo rekodi ya 54 ilipokaribia kuvunjika.

Kwenye Tuzo Kuu ya Baden ya mwaka 1878, Kincsem na farasi aitwaye Prince Giles the First walipita mstari wa mwisho pamoja. Hapakuwa na picha ya kamera ya kuamua. Palikuwa na jicho la mwamuzi, na jicho la mwamuzi likasema sare. Kanuni za wakati huo ziliwapa wenye farasi njia mbili: wagawane zawadi, au farasi wawili wale wakimbie upya siku ileile. Blaskovich akachagua warudie. Farasi waliokwisha kukimbia umbali kamili wakapumzishwa, wakatandikwa, wakakimbia umbali uleule mara ya pili. Kincsem akashinda kwa urefu wa farasi watano.

Kwa nini alikaribia kushindwa? Lawama ilimwangukia Madden, ambaye inasemwa alipanda akiwa amelewa. Aliachishwa, na mwaka uliofuata Kincsem akapandwa na mtu mwingine, Busby. Wasimuliaji huongeza kwamba katika marudio yale mbwa wa mtaani aliingia njiani akamkimbiza Kincsem, na Kincsem akamrusha kwa teke bila kupunguza mwendo. Sehemu ya mbwa naiacha kwa wanaoipenda. Farasi akipiga teke huku akikimbia kwa kasi kamili hupoteza mpangilio wa miguu yote minne, na huyu alimaliza mbele kwa urefu wa farasi watano.

Alirudi Baden mwaka 1879 akashinda tena. Tuzo Kuu tatu mfululizo: 1877, 1878, 1879. Ilichukua miaka hamsini farasi mwingine, Oleander wa Ujerumani, kufanya hivyo, kuanzia 1927 hadi 1929.

Paka, maji na blanketi

Ukitaja jina la Kincsem kwa Mhungaria, kuna uwezekano mkubwa atakuanzia na paka kabla ya mbio. Farasi huyu alikuwa na paka wake wa zizini, akaandamana naye kila safari, na hakukubali kuingia behewani bila paka huyo. Inasimuliwa kwamba waliporudi kutoka Goodwood paka alipotea bandarini, na Kincsem akasimama saa mbili akimwita, mpaka paka alipotokea na kumrukia mgongoni.

Kisa cha maji ni hiki: alizoea maji ya kisima cha nyumbani, Tápiószentmárton, na yalisafirishwa pamoja naye. Safari moja Baden-Baden maji yakaisha, akagoma kunywa mengine siku kadhaa, mpaka pakapatikana kisima cha zamani ambacho maji yake yalikuwa na harufu ya udongo kama ya kwao.

Na kisa cha blanketi: usiku mmoja wa baridi Frankie alilala zizini bila shuka. Kincsem akavuta blanketi lake mwenyewe kwa meno na kumfunika. Tangu hapo, ukimfunika farasi huyo usiku, alilitoa na kumpa saisi wake. Frankie, ambaye inasemwa hakuwa na jina la ukoo, alipoandikishwa jeshini akajiita Frank Kincsem, na kwa jina hilo akazikwa.

Mtu wa mjini atacheka visa vyote vitatu kwa pamoja. Wanaofuga farasi hawacheki kisa cha maji. Farasi hugundua tofauti ndogo sana ya ladha, na hata leo walimu wa farasi hubeba maji ya nyumbani, au wiki moja kabla ya safari huanza kutia juisi kidogo ya tufaha kwenye ndoo ili maji ya ugenini yakitiwa juisi hiyo yasionekane mageni. Paka pia hana ajabu. Farasi ni mnyama wa kundi, na anayekaa peke yake chumbani hupewa mbuzi, punda au farasi mzee wa kumtuliza. Blanketi ndilo lenye utata. Farasi wengi hupenda kuvua mablanketi yao kwa meno. Likimwangukia mtu aliyelala chini, huruma ataiongeza msimuliaji.

Baada ya kila ushindi, Blaskovich alikuwa na desturi ya kuchomeka shada la maua kwenye hatamu ya Kincsem. Kuna siku alichelewa, na farasi akakataa kuvuliwa tandiko mpaka maua yafike. Hiki sina sababu ya kukikataa. Farasi hukariri mpangilio wa mambo upesi kuliko watoto wa shule.

Damu ilitoka wapi?

Je, wajua kwamba farasi wote wa mbio wa aina ya Thorobredi duniani, wakiwamo wanaokimbia leo uwanja wa Ngong jijini Nairobi, kwa ukoo wa baba wanarudi kwa madume watatu tu? Wote watatu walifika Uingereza kutoka nchi za mashariki mwishoni mwa karne ya 17 na mwanzoni mwa karne ya 18: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Darley Arabian alinunuliwa Aleppo, Syria, akapelekwa Yorkshire mwaka 1704, na uzao wake ndio uliomeza karibu koo zote nyingine za madume.

Baba yake Kincsem, Cambuscan, ni wa ukoo huo. Panda ngazi kutoka kwake utamkuta Newminster, kisha Touchstone, kisha Camel, mpaka ufike kwa farasi mwenye jina lililowachekesha watu kwa zaidi ya miaka 200: Potoooooooo. Inasemwa saisi aliagizwa aandike neno la Kiingereza la viazi kwenye ndoo ya chakula, naye, kwa kuwa hakulijua vizuri, akaandika Pot na kufuatisha o nane. Mwenye farasi akacheka, akaliacha. Baba wa Potoooooooo alikuwa Eclipse, aliyekimbia mara 18 asishindwe. Kincsem, mjukuu wake wa mbali, alifanya hivyo mara tatu yake kamili: 18 mara 3 ni 54.

Waandishi wengi wa mbio huishia hapo, kwa madume. Ukoo wa Kincsem lakini umejaa wanawake wa kutisha. Newminster, babu yake kwa baba, alishinda St Leger mwaka 1851, na mama yake Newminster alikuwa Beeswing, jike la kaskazini mwa Uingereza lililoshinda mbio 51, likatwaa Kombe la Dhahabu la Ascot mwaka 1842 likiwa na miaka tisa. Wachimba makaa na mafundi wa Newcastle walimwona Beeswing kuwa mtu wao. Kwa hiyo miaka thelathini na zaidi kabla ya Wahungaria kumfanya Kincsem binti wa taifa, mama wa babu yake alikuwa ameshapewa cheo hicho na mji mzima.

Kwa upande wa mama, Kincsem alizaliwa na Waternymph, binti wa Cotswold. Na hapa kuna jambo la ajabu katika lugha ya wafuga farasi. Kwao, farasi wawili wa baba mmoja na mama tofauti hawahesabiwi kuwa ndugu. Dume moja maarufu huweza kuzaa watoto zaidi ya 100 kwa mwaka, hivyo undugu wa baba hauna thamani. Ndugu ni wa tumbo moja tu.

Ukoo wa mama ndio hata uliopewa nambari. Mwishoni mwa karne ya 19, Mwaustralia aitwaye Bruce Lowe alichukua kitabu cha nasaba ambacho familia ya Weatherby ilikuwa imeanza kukichapisha London mwaka 1791, akafuata kila farasi mama kwa mama hadi jina la mwisho lililoandikwa. Kisha akahesabu ni ukoo upi ulitoa washindi wengi zaidi wa Derby, Oaks na St Leger, akaupa nambari 1, uliofuata 2, na kuendelea. Kincsem yumo katika ukoo nambari 4. Jina la mwisho kwenye ngazi hiyo ni jike la karne ya 17 lijulikanalo kama Layton Barb Mare. Barb ni aina ya farasi wa Maghrib, yaani Moroko, Aljeria na Tunisia. Kwa hiyo, kwa mujibu wa kitabu, bibi mkuu wa Kincsem ni wa damu ya Afrika.

Kwa mujibu wa kitabu. Uchunguzi wa DNA uliofanywa karne hii umeonyesha kwamba majike mengi ya mwanzo yaliyoandikwa kuwa ya mashariki au ya Kibarbari yalikuwa na damu ya farasi wa kienyeji wa Uingereza na Ireland, na kwamba hapa na pale makarani walichanganya mama na mama. Jina la kigeni lilimpandisha bei mnyama. Madalali wa karne ya 17 walilijua hilo kama wanavyolijua wa leo.

Watoto watano

Kincsem alipumzishwa baada ya jeraha la mguu na kurudishwa shambani kuzaa. Si kila bingwa huwa mama bora, na wengi walitarajia kuvunjika moyo. Alizaa watoto watano. Wa kwanza, Budagyöngye, jike aliyezaliwa mwaka 1882, alishinda Derby ya Ujerumani mwaka 1885 huko Hamburg, mji ambao mama yake alishinda akiwa na miaka miwili. Wa pili, Ollyan Nincs, jina lenye maana ya hakuna kama yeye, alishinda St Leger ya Hungaria. Wa tatu, Talpra Magyar, hakukimbia kamwe ila akawa dume la mbegu lenye sifa. Baba wa wawili wa mwisho, Kincs-Ör na Kincs, alikuwa Doncaster, mshindi wa Derby ya Uingereza ya mwaka 1873 aliyenunuliwa na kupelekwa Hungaria.

Kincsem alikufa tarehe 17 Machi 1887, siku aliyotimiza miaka 13, kwa msokoto wa tumbo. Ugonjwa huo unaua farasi hadi leo kwa sababu rahisi: farasi hawezi kutapika. Utumbo ukijikunja au ukijaa gesi, hakuna njia ya kupunguza mzigo, na mnyama mwenye nusu tani anaweza kufa kwa saa chache. Inasimuliwa kwamba kengele za makanisa zililia na bendera zikashushwa nusu mlingoti. Mifupa yake imeunganishwa na kusimamishwa kwenye Makumbusho ya Kilimo jijini Budapest, ndani ya kasri la Vajdahunyad. Uwanja mkuu wa mbio wa jiji hilo unaitwa Kincsem Park. Mwaka 2017 Wahungaria walimtengenezea filamu, wakamtilia na kisa cha mapenzi ambacho hakikuhitajika.

Damu iko wapi leo?

Vita viwili vikuu vilitawanya farasi wa Hungaria, lakini uzi wa mabinti haukukatika. Mwaka 1974, miaka mia moja baada ya Kincsem kuzaliwa, jike wa uzao wake aitwaye Polygamy alishinda Oaks ya Epsom akipandwa na Pat Eddery. Polygamy alikuwa na dada wa baba mmoja na mama mmoja, One Over Parr. One Over Parr akamzaa Fade, Fade akamzaa Fickle, Fickle akamzaa Tarfah, na Tarfah akamzaa Camelot.

Camelot alikuwa dume. Mwaka 2012 alishinda 2000 Guineas, akashinda Derby, na Septemba akaenda mji wa Doncaster kutafuta St Leger ili akamilishe taji la mbio tatu ambalo hakuna aliyelikamilisha tangu Nijinsky mwaka 1970. Akashindwa kwa robo tatu ya urefu wa farasi. Aliyemfunga ni Encke, farasi wa Godolphin, kampuni ya mtawala wa Dubai iliyojiita kwa jina la mmoja wa wale madume watatu wa mwanzo. Mwaka uliofuata Encke alikuwa miongoni mwa farasi wa Godolphin waliokutwa na dawa za kutunisha misuli. Haikuthibitishwa kwamba alikuwa nazo siku ya St Leger, na matokeo yakabaki yalivyo. Mashabiki wa Camelot hawajanyamaza.

Camelot akapelekwa Ireland kuwa dume la mbegu. Mmoja wa mabinti zake ni Bluestocking. Mwaka 2024 wamiliki wake walilipa euro 120,000 kumwingiza dakika za mwisho katika mbio za Arc de Triomphe jijini Paris, kwa sababu hawakuwa wamemwandikisha mapema. Tarehe 6 Oktoba, akipandwa na Rossa Ryan, akashinda. Damu ya Kincsem imo mwilini mwake kupitia kwa baba. Lakini DNA ya mitokondria hupita kwa mama pekee, na nambari za Bruce Lowe hupita njia hiyohiyo, kwa hiyo kitabuni Bluestocking ni wa ukoo wa mama yake, Emulous. Anayetaka kumpata Kincsem kwa ngazi ile ya zamani, mama kwa mama, inabidi aondoke kwa Camelot na kurudi kuwatafuta mabinti wa Tarfah.